Je, niziache pesa za matunzo kwa sababu baba wa watoto anazitumia kunitesa?

Swali: Naishi Uingereza na wanangu wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 5. Nilitengana na baba yao mwaka jana kwa sababu ya kipigo, na safari moja polisi walifika nyumbani. Niliomba matunzo kupitia Child Maintenance Service, shirika la serikali la matunzo ya watoto, wakamkadiria pauni 80 kwa wiki, naye anatakiwa aziweke mwenyewe kwenye akaunti yangu kila Ijumaa. Anazituma vipande vipande, na kila kipande kina maneno: “nipigie kwanza”, “nyingine ukiomba vizuri”. Wiki iliyopita zilifika 51 tu. Nikilalamika naogopa atakuja nyumbani. Nikitaka malipo yapitie serikalini naambiwa nitakatwa. Dada yangu ananishauri niziache pesa zake nipate amani. Nifanyeje?

Jibu: Dada muulizaji, pole kwa yaliyokupata. Ushauri wangu ni kwamba usiziache pesa hizo. Ni haki ya watoto wako, na mdogo ana miaka 5 tu, maana yake matunzo yake yanaweza kuendelea hadi atimize miaka 16, au hadi kabla hajatimiza 20 iwapo atakuwa bado yuko kwenye masomo ya kutwa yanayotambuliwa. Unachoweza kukikataa, tena kuanzia sasa, ni njia zinazopitia. Mtu aliyewahi kukupiga hapaswi kupewa nafasi ya kugonga mlango wa simu yako kila Ijumaa kwa miaka 11 au 15 ijayo, na yote ninayokueleza hapa chini yanahusu namna ya kuufunga mlango huo huku pesa zikiendelea kuingia.

Chukua taarifa ya akaunti yako ya wiki iliyopita uiweke mezani. Utaona mistari ya malipo, mmoja pauni 10, mwingine 5, mwingine labda 2, na kando ya kila mstari maneno yake. Watu wengi wakitazama karatasi hiyo huona ukaidi wa mwanamume asiyependa kulipa. Sheria ya England na Wales inaona zaidi ya hapo. Sheria ya mwaka 2021 kuhusu ukatili wa majumbani, Domestic Abuse Act, inautaja ukatili wa kiuchumi kuwa sehemu kamili ya ukatili huo, yaani mwenendo unaoathiri kwa kiasi kikubwa uwezo wa mtu kupata, kutumia au kubaki na fedha zake. Sheria hiyo haidai kwamba muwe bado mnaishi pamoja, kwa kuwa wapenzi wa zamani na wazazi wa mtoto mmoja wanahesabiwa kuwa na uhusiano unaohusika. Kosa la jinai la kumdhibiti na kumshurutisha mtu, lililoanzishwa mwaka 2015, nalo tangu Aprili 2023 linawagusa hata waliokwisha kutengana na kuhama. Kwa hiyo yale maneno “ukiomba vizuri” ni ushahidi, na yanapaswa kutunzwa kama ushahidi.

Pengine unajiuliza ilikuwaje shirika la serikali likupangie mpango unaomtaka mtu wa aina hiyo akutumie pesa mwenyewe. Mfumo wa zamani, Child Support Agency, ulioanza mwaka 1993, ulikuwa ukikusanya pesa nyingi wenyewe na ulilaumiwa kwa ucheleweshaji na makosa ya hesabu. Ulipoanza kupisha Child Maintenance Service mwaka 2012, fikra ilikuwa kwamba wazazi wahimizwe kuelewana wenyewe, na mwaka 2014 zikaletwa ada kwa wale wanaotaka serikali ikusanye kwa niaba yao. Ndiyo asili ya njia mbili unazozisikia kwenye simu: Direct Pay, ambapo shirika linapiga hesabu tu na mzazi anamlipa mzazi, na Collect and Pay, ambapo shirika linapokea kwa mmoja na kumpelekea mwingine. Kwa wazazi waliotengana kwa heshima, njia ya kwanza inatosha. Kwa mtu aliyetoroka kipigo, mpango unaodhani kwamba pande mbili zina nguvu sawa ya kuzungumza ni mpango uliokosea tangu msingi, na mimi siioni sababu ya kulisema hilo kwa kunong'ona.

Ilichukua damu kulifikisha jambo hili mbele. Mei 2017, mjini London, mama mmoja aliuawa na baba wa mtoto wake baada ya kudai matunzo. Serikali baadaye iliagiza uchunguzi huru kuhusu namna shirika linavyowahudumia walioteswa, ukafanywa na Dr Samantha Callan, na majibu ya serikali yakatolewa Januari 2023. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria iitwayo Child Support Collection (Domestic Abuse) Act, yenye lengo la kumwezesha mzazi mwenye ushahidi wa ukatili kuingizwa kwenye Collect and Pay bila kuhitaji ridhaa ya mwenzake. Kisha Juni 2025 serikali ikatangaza nia ya kuiondoa kabisa njia ya Direct Pay, ili malipo yote yanayosimamiwa na shirika yapite mikononi mwake, na kupunguza ada hadi asilimia 2 kwa kila upande kwa mzazi anayelipa bila usumbufu. Mpango wa namna hiyo unahitaji hatua zaidi za kisheria ili utekelezwe, hivyo utakapopiga simu uliza umefikia wapi, lakini usikae ukiusubiri.

Huna haja ya kuusubiri kwa sababu tayari unayo hoja ya pili, na kwa uzoefu wangu hoja hii ndiyo inayosogeza mafaili haraka zaidi. Hata kabla ya sheria ya 2023, shirika lilikuwa na mamlaka ya kumwingiza mzazi kwenye Collect and Pay, atake asitake, likiridhika kwamba bila hivyo hatalipa ipasavyo. Wiki iliyopita alipaswa kuleta pauni 80 akaleta 51. Pauni 29 zilizobaki ni deni, na malipo pungufu ni alama ya mtu asiyelipa ipasavyo. Piga simu au andika kupitia akaunti yako ya mtandaoni ya shirika, useme mambo mawili kwa uwazi: kwanza, kwamba malipo hayakamiliki, ukitaja tarehe na kiasi, pili, kwamba umefanyiwa ukatili na aliyefanya anautumia utaratibu wa malipo kuuendeleza. Liseme la pili hata kama hujaulizwa. Wapo kina mama wengi wanaolificha kwa aibu, au kwa kudhani kwamba shirika la pesa halihusiki na mambo ya ndani, kisha faili lao likashughulikiwa kama ugomvi wa kawaida wa deni. Likishaandikwa kwenye faili lako, kila mtumishi atakayelifungua baadaye atalikuta.

Sasa tuje kwenye makato yanayokutisha. Katika Collect and Pay kama ilivyopangwa tangu 2014, mzazi anayelipa huongezewa asilimia 20 juu ya matunzo, na mzazi anayepokea hukatwa asilimia 4. Kwa pauni zako 80, yeye atatoa 96 na wewe utapokea 76 na senti 80. Unapoteza pauni 3 na senti 20 kwa wiki, ambazo kwa mwaka ni kama pauni 166. Siwezi kukuambia kwamba hizo ni pesa ndogo kwa mama anayelea watoto wawili peke yake, na nakubaliana na wanaosema kwamba ni dhuluma kumtoza aliyeteswa gharama ya kuwa salama. Lakini pima na hali uliyonayo: katika wiki moja tu umepoteza 29, na juu yake umesoma vitisho saba au nane ukiwa jikoni kwako. Ada ya kufungua maombi, iliyokuwa pauni 20, nayo iliondolewa Februari 2024, kwa hiyo kama kuna mtu anakuambia kwamba utaanza kwa kulipa, taarifa zake zimepitwa na wakati.

Kama baba wa watoto ameajiriwa, omba shirika lifikirie kukata matunzo moja kwa moja kwenye mshahara wake. Ni amri anayopelekewa mwajiri, naye analazimika kuitekeleza. Kiasi kinachokatwa hakiwezi kuzidi asilimia 40 ya mshahara anaobaki nao baada ya kodi. Kwa hali yako naiona kuwa njia bora kuliko zote, kwa sababu inamwondolea kabisa kile kitendo cha kukaa na simu mkononi akiamua leo akutumie ngapi na akuandikie nini. Pesa zinatoka kwa mwajiri, zinafika kwenye shirika, zinakuja kwako, bila hata neno moja kutoka kwake. Akiwa amejiajiri, shirika linaweza kukata kwenye akaunti yake ya benki, na deni likikaidiwa linaweza kupata amri ya kulithibitisha, kutuma madalali wa mahakama, na katika hali za mwisho kuomba anyang'anywe leseni ya udereva au pasipoti. Kazi hiyo yote ni ya shirika. Wewe hutasimama mbele yake kumdai.

Lipo jambo ambalo lazima nikwambie bila kulipamba. Siku atakapopata barua ya kumjulisha kwamba malipo yamehamishwa na ameongezewa asilimia 20, kuna uwezekano mkubwa wa kukasirika, na saa ambayo mtu wa aina yake anahisi mamlaka yanamponyoka ni saa ya hatari. Hofu yako ni akili inayofanya kazi yake. Kwa hiyo usihamishe malipo kimyakimya ukingoja uone. Mwombe mtumishi wa shirika akueleze barua itatumwa lini na itaandikwa sababu gani, na akujulishe kabla haijatoka. Wiki hiyo shule ijue nani anaruhusiwa kuwachukua watoto, jirani mmoja unayemwamini ajue hali, na mshauri wa ukatili wa majumbani awe amekwisha kupanga nawe mpango wa usalama. Ukipiga simu ya taifa inayoendeshwa na shirika la Refuge, 0808 2000 247, hulipi chochote, iko wazi saa 24, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili ikiwa Kiingereza kinakupiga chenga unapozungumzia mambo mazito. Namba hiyo ni ya England. Walioko Scotland wapige 0800 027 1234.

Pamoja na hayo, fikiria amri ya mahakama ya kumkataza asikusumbue, inayotolewa chini ya Family Law Act ya mwaka 1996. Maombi yake hayana ada ya mahakama, na hali ikiwa ya hatari hakimu anaweza kuitoa kwanza kabla mwenzako hajaitwa kusikilizwa. Akiivunja ni kosa la jinai linaloweza kumfunga hadi miaka 5. Mwombe wakili aandike wazi kwamba katazo linahusu pia ujumbe unaopenyezwa kwenye miamala ya benki, kwa maana watu hawa husoma amri kwa kutafuta ufa: ameambiwa asipige simu wala asitume ujumbe wa simu, basi atakutumia senti 10 yenye matusi. Msaada wa kisheria wa serikali upo kwa walioteswa, kwa kuzingatia kipato na ushahidi. Rekodi ya polisi waliofika kwako siku ile, au barua ya daktari wako, inaweza kuwa sehemu ya ushahidi huo.

Ile miamala usiifute. Pakua taarifa za akaunti za kila mwezi, zihifadhi mahali ambapo yeye hana neno la siri lake, na uandike pembeni tarehe, kiasi kilichofika na kiasi kilichopungua. Ukisha kuzihifadhi, iambie benki yako kwamba unafanyiwa ukatili kupitia miamala. Baadhi ya benki zinaweza kukuficha maneno hayo usiyaone kila unapofungua programu ya simu. Kama hamjafunga akaunti ya pamoja mliyokuwa nayo, ishughulikie hiyo mapema, kwa sababu kupitia hiyo anaweza kuona unanunua wapi.

Kuhusu anwani, shirika halimpi mzazi mmoja anwani ya mwingine, na ukiwaambia kwamba umehama kwa ajili ya usalama wanapaswa kulinda hilo. Ipo hatari moja ambayo wengi hawaijui. Namba ya tawi ya benki za Uingereza, zile tarakimu 6 zinazotangulia namba ya akaunti, inaweza kuonyesha eneo ulikofungulia akaunti. Mtu aliyehamia mji mwingine akafungua akaunti mpya katika tawi la huko anaweza kuwa amemwonyesha mwenzake njia bila kujua. Omba akaunti yenye namba ya tawi isiyofungamana na eneo. Shirika lenyewe linaweza kukuelekeza namna ya kuipata.

Jiandae pia kwa hila ya usiku. Matunzo hukadiriwa kutokana na pato lake ghafi la wiki kama lilivyo kwenye kumbukumbu za mamlaka ya kodi, na kwa watoto wawili kiwango cha kawaida ni asilimia 16 ya pauni 800 za mwanzo. Ndiyo maana nadhani wamemkuta na pato la takriban pauni 500. Lakini kiasi hicho hupungua kadiri watoto wanavyolala kwake. Usiku 52 hadi 103 kwa mwaka hupunguza sehemu moja ya saba, na 80 zako zingeshuka hadi 68 na senti 57. Kuanzia usiku 104 zinaondoka sehemu mbili za saba, na kuendelea hivyo. Mtu anayetaka kukuumiza anaweza kudai kwamba watoto wanalala kwake kila wiki wakati hawalali. Basi weka kalenda ya kawaida ukutani au kwenye daftari, kila usiku uandike wamelala wapi. Kumbukumbu iliyoandikwa siku kwa siku ina uzito kuliko maneno mnayorushiana baada ya mwaka.

Halafu usikubali kuchanganyiwa mambo mawili. Atakuambia, na huenda ndugu watakuambia, kwamba anayelipa ana haki ya kuwaona watoto na asiyeruhusiwa kuwaona hana wajibu wa kulipa. Kisheria hayo ni mashauri tofauti. Matunzo yanadaiwa hata kama hawaoni, na kuonana kunaamuliwa kwa kuangalia usalama na masilahi ya watoto, hata kama analipa hadi senti ya mwisho. Kumbuka pia kwamba sheria ya 2021 inamtambua mtoto anayeuona au kuusikia ukatili, au kuathirika nao, kuwa naye ni mwathirika. Mwanao wa miaka 9, kama alikuwapo siku polisi walipofika, si shahidi tu.

Kuhusu ruzuku, matunzo hayahesabiwi kuwa pato katika Universal Credit, hivyo kuyapokea hakukupunguzii kitu huko. Nalisema hili kwa sababu limewafanya wengine waache kudai bure.

Sijui kama kibali chako cha kuishi kilitegemea ndoa yenu, hukukitaja, lakini kwa wasomaji wengine walio katika hali hiyo nitasema kidogo. Matunzo ya mtoto kutoka kwa mzazi wake si fedha za umma, kwa hiyo sharti la kutotumia fedha za umma haliwazuii kuyadai. Wapo pia wanaostahili kuomba ruhusa maalumu ya muda wa miezi 3 inayotolewa kwa wahamiaji waliotendewa ukatili na wenzi wao, ili wapate pa kukaa wakati wanashughulikia hatima yao. Kwa kuwa ruhusa hiyo inabadilisha kibali ulichonacho, usiijaze kabla hujazungumza na wakili wa uhamiaji au mshauri aliyesajiliwa. Na vitisho vya “nitakurudisha kwenu” visikufunge mdomo; mwenye kuamua nani akae nchini ni serikali.

Lazima nikiri kwamba mambo haya huweza kugeuka. Wapo wazazi wanaolipa ambao ndio walioteswa, na wapo kina baba wanaoandikiwa matusi au kutishiwa kupitia hesabu hizihizi za matunzo. Wao pia waliambie shirika mapema, na wanaume wanaweza kupiga 0808 8010 327, Men's Advice Line.

Kuhusu dada yako: najua anakupenda na anataka ulale usingizi. Lakini mtu anayetumia pesa kukuvuta, ukiziacha, hutafuta kamba nyingine, na safari hii watoto watakuwa hawana viatu vya shule. Mpe kazi inayosaidia zaidi. Mwambie aje akae nawe siku utakapopiga simu kwa shirika, akiwa na kalamu, aandike jina la mtumishi, tarehe, saa na kila ulichoahidiwa. Mbele yenu iwepo taarifa ya akaunti yenye ile mistari inayojumlisha pauni 51, na karatasi yenye sentensi hii uisome kama ilivyo ikiwa sauti itatetemeka: “Nimefanyiwa ukatili na mzazi anayelipa, anautumia utaratibu wa malipo kuuendeleza, malipo yake hayakamiliki, na naomba nihamishiwe Collect and Pay kwa makato ya mshahara.” Na akitokea mlangoni kabla ya hayo yote kukamilika, piga 999. Kama huwezi kusema kitu kwa sababu anakusikia, na unapiga kwa simu ya mkononi, kohoa au gusa kioo, kisha ukiambiwa ubonyeze 55, bonyeza, utaunganishwa na polisi.